Msumari wa Nane

Msumari ulikaa ukutani zaidi ya mwaka mzima bila kuning'iniza kitu.

Sebule ya Bi Mkuu ilikuwa na ukuta mmoja usioguswa na kabati wala kalenda. Ulikuwa ukuta wa picha. Katikati alikaa marehemu mumewe, siku alipopandishwa cheo kuwa mkuu wa posta: kidevu juu, macho yamelegea kidogo, mkono mmoja juu ya goti, kama mtu aliyeamkiwa na sasa anajiandaa kuitikia. Kando yake Bi Mkuu mwenyewe, msichana bado, ameshika cheti cha ualimu kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anataka kumpokonya. Chini yao watoto wao watatu, kisha wajukuu wawili. Kila mtoto wa nyumba ile alipotimiza miaka saba alipelekwa studio, nguo imepigwa pasi, nywele zimelala, mdomo umefungwa. Picha saba, misumari saba. Na ule wa nane ulikuwa pembeni kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo pazia likipeperuka linaufunika.

Aliyeupigilia alikuwa mwanawe wa mwisho, fundi umeme, siku binti yake alipotimiza miaka saba. Binti huyo sasa alikuwa na miaka minane na miezi miwili.

"Mama," mkwe wake, mama wa binti huyo, alisema asubuhi ile, akifunga kamba za viatu vyake vyeupe vya uuguzi, "leo nina zamu ya kutwa. Nikirudi jioni, ule msumari ama uwe na picha, ama uwe umeng'olewa."

Bi Mkuu aliweka kikombe chini. "Mvua zilikuwa..."

"Mvua ziliisha zamani, Mama."

"Na lile gauni lilimbana."

"Nikamshonea jingine. Nalo limeanza kumbana." Mkwe alisimama, akatundika mkoba begani. Hakupandisha sauti. Katika miaka kumi na mmoja ya kuishi nyumba moja hakuwahi kumpandishia mama mkwe sauti, na ndiyo maana maneno yale yalipenya. "Sina ugomvi na wewe, Mama. Lakini mtoto ananiuliza kila siku, na mimi nimeishiwa majibu."

Mlango ukafungwa taratibu. Bi Mkuu alibaki anautazama ukuta. Miaka thelathini na minne amefundisha, kumi na miwili kati ya hiyo akiwa mwalimu mkuu. Wanafunzi wamemdanganya kwa kila namna, na hakuna hata mmoja aliyempita. Sasa alijiona yeye mwenyewe amesimama mbele ya meza yake, anatoa visingizio. Mvua. Gauni. Nywele. Mara studio imefungwa, mara mtoto ana mafua. Ukweli aliujua, ila hakuwahi kuutamka hata akiwa peke yake: kila mgeni aliyeingia sebuleni aliusoma ukuta ule kwanza, kabla hajakaa. Ukuta ulikuwa ukisema sisi ni nani. Na yeye alikuwa anaogopa kile watakachosoma wageni.

"Bibi! Picha?"

Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi shavuni kushoto, ndogo kama nukta ya kalamu. Alikuwa mfupi kwa umri wake, mnene kidogo, mwenye macho yaliyoinuka pembeni na mikono laini inayoshika kila kitu kwa nguvu. Daktari alikuwa amewaeleza mapema: sindromu ya Down, amezaliwa na kromosomu moja ya ziada. Siku ile Bi Mkuu aliandika neno hilo kwenye daftari, akauliza linaendelezwaje, kisha akasema, "Ya ziada? Sawa. Ukoo huu haujawahi kupokea kitu pungufu." Daktari alicheka. Mume wa Bi Mkuu alicheka zaidi, akamchukua mtoto, na tangu siku hiyo hakumweka chini mpaka alipofariki, Kidoti akiwa na miaka minne.

"Ndiyo," Bi Mkuu alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Picha. Leo. Sasa hivi! Lete hicho kiatu."

Nyumba ikapinduka. Kidoti alikimbia mara tatu kuzunguka meza akipiga makofi. Alioga akiimba, akamwaga nusu ya mafuta ya kujipaka, akajichana mwenyewe upande mmoja na kukataa katakata upande wa pili usiguswe. Gauni la njano lenye kola nyeupe lilifungwa vifungo vyote isipokuwa kimoja cha mgongoni, ambacho Bi Mkuu alikifunika kwa utepe na kuamua kwamba studio hazipigi migongo. Kabla ya kutoka, Kidoti alikwenda kwenye ukuta, akaunyooshea msumari kidole, akasema kama mtu anayekumbusha deni la ahadi, "Mimi."

"Wewe," Bi Mkuu alijibu, akatwaa mkoba wake.

* * *

Kulikuwa na jambo moja lililomtia Bi Mkuu wasiwasi kuliko macho ya watu, nalo lilikuwa neno.

Maneno mengi ya Kidoti yalitoka yamemegwa mwisho. Maji yalikuwa "ma", kitabu kilikuwa "kita". Lakini neno moja refu lilitoka zima, herufi zote, safi kama la mtangazaji wa redio: Marahaba. Na alilitumia kumsalimu kila mtu. Hakungoja kuamkiwa. Akikutana na mtu, mkubwa kwa mdogo, mzee kwa kijana, alisimama na kumwambia "Marahaba!", kana kwamba wote walikuwa watoto wake na wamechelewa kumwamkia.

Bi Mkuu alijilaumu. Alidhani mtoto amelichukua kwake, kwa kuwa kutwa nzima mtaa ulikuwa ukipita na "Shikamoo, Mwalimu", naye akiitikia. Alijaribu kumrekebisha. "Sema, shi-ka-moo." Kidoti alimsikiliza kwa heshima zote, akamgusa bega, akajibu, "Marahaba." Mwalimu aliyewafundisha adabu vizazi viwili alikuwa ameshindwa na mwanafunzi mmoja, tena ndani ya nyumba yake.

Barabarani, wa kwanza alikuwa fundi viatu wa kwenye kona, mtu mzima mwenye mvi kidevuni.

"Shikamoo, Bibi Marahaba!" alipiga kelele kabla hawajafika.

"Marahaba!"

"Viatu hivyo vinakwenda wapi leo? Vinang'aa mpaka vinaniharibia biashara."

"Picha!"

"Lo! Basi pita kivulini, usije ukachakaa kabla ya kufika."

Kidoti alicheka mpaka akakaa chini. Kumnyanyua kulikula dakika tano na mikunjo minne ya gauni.

Mbele ya duka la dawa mama mmoja aliyekuwa anatoka na mfuko alisimama, akaweka mkono kifuani. "Maskini ya Mungu," alisema, akamtia Kidoti sarafu kiganjani na kumfunga vidole.

Bi Mkuu alinyooka. "Dada, umeangusha pesa yako."

"Hapana, nimempa yeye..."

"Imeangukia mkononi mwa mjukuu wangu. Ni mahali pa ajabu pa kuangusha, lakini hutokea. Kidoti, mrudishie mama pesa yake."

"Yangu," alisema Kidoti.

"Kidoti."

"Yangu!" Na ngumi ikakaza.

Watu wawili watatu wakageuka. Heshima ya ukoo ilikuwa imening'inia kwenye ngumi ya mtoto wa miaka minane, na ngumi haikuwa na habari. Mwishowe Kidoti mwenyewe alimtazama yule mama kwa muda, akaona uso wake umeingiwa na huzuni, akamrudishia sarafu na kumfunga vidole kwa mikono yote miwili. "Marahaba," alimwambia kwa upole, kana kwamba ndiye anayempa pole.

Mama yule aliondoka amechanganyikiwa. Bi Mkuu akapangusa jasho.

Hawajavuka barabara, mwanamume mmoja mwenye shati la kazi na kalamu sikioni akawafuata nyuma. "Samahani, mama. Samahani kidogo. Huyu mtoto... ana nini?"

Kwa swali hilo Bi Mkuu alikuwa na majibu ya akiba. "Ana haraka," alisema bila kusimama. "Tunakwenda studio."

"Simaanishi hivyo. Naomba usikasirike." Mtu yule aliitoa ile kalamu sikioni, akairudisha, akaitoa tena. "Mke wangu amejifungua wiki tatu sasa. Mtoto wetu ana macho kama hayo. Daktari ametuambia neno, mimi hata kulitamka siwezi. Mke wangu hataki kutoka chumbani. Nimemwona huyu wa kwako anatembea, anacheka na fundi viatu... nikaona niulize tu. Anaongea?"

Bi Mkuu alisimama.

"Marahaba!" alisema Kidoti, akimnyooshea mkono.

"Shikamoo," mtu yule alijibu papo hapo, kisha akashtuka na kumtazama Bi Mkuu. "Nimesema nini mimi?"

"Umefanya kama wote," Bi Mkuu alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Mtoto ananyonya?"

"Taratibu sana."

"Huyu alinyonya kama anayeonja chumvi. Mwone sasa, ukimnyima chai mtaa mzima unajua. Anaongea, anaimba, anagombana. Mwambie mkeo."

"Nikimwambia hataamini." Mtu yule alisita. "Una picha yake, mama? Nimpelekee aione. Nitairudisha."

Mkono wa Bi Mkuu ulikwenda wenyewe kwenye mkoba, ukafungua zipu. Mle ndani, kwenye mfuko mdogo wa plastiki, kulikuwa na wajukuu wawili, wamenyooka, midomo imefungwa. Wawili tu. Alifunga zipu.

"Sina," alisema. "Ndiyo tunakwenda kuipiga. Unafanya kazi wapi?"

"Duka la vifaa vya ujenzi, lile lenye mlango wa kijani. Niko kaunta."

"Basi nitapita."

Alivuka barabara akimvuta Kidoti, au Kidoti akimvuta yeye. Sasa hakuwa akienda kutimiza sharti la mkwe. Alitaka ile picha kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji.

* * *

Studio ilikuwa chumba kirefu kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa mbele kulikuwa na benchi, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba kisije kikatembea. Kwenye benchi waliketi watu watatu: kijana aliyevaa suti ya kuazima, mikono imemezwa na mikono ya koti, dereva wa lori aliyekuja kupiga picha ya leseni, na mama mmoja wa makamo, miwani ya fremu ya dhahabu, mkoba mapajani, anayetazama saa.

Kidoti aliwapitia mmoja mmoja, mkono mbele. "Marahaba. Marahaba." Kijana alicheka, dereva akapokea mkono. Mama wa miwani hakupokea.

"Ananiambia mimi marahaba?" aliuliza. "Kwani nimemwamkia? Mtoto wa nani huyu asiyefunzwa?"

Bi Mkuu alipiga hatua moja mbele. Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo tangu azaliwe.

"Wa kwangu," alisema. "Na amefunzwa. Kidoti, msalimie mama vizuri. Shikamoo."

Kidoti alimgeukia bibi yake, akamgusa bega. "Marahaba."

Dereva wa lori alicheka mpaka akakohoa. Mama wa miwani alibinua midomo na kugeukia kioo.

"Anayefuata!" aliita mpiga picha kutoka nyuma ya pazia, na dereva, ambaye zamu ilikuwa yake, alimsukumia Bi Mkuu mbele. "Nenda wewe, Mwalimu. Huyo wako hana muda wa kupoteza, unamwona mwenyewe."

Mpiga picha alikuwa kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, mwepesi wa mikono na mdomo. Alimketisha Kidoti kwenye kiti cha mgongo mrefu, nyuma yake pazia la bluu, taa mbili zikammulika. "Tazama hapa, mrembo. Hapa! Ndege yuko hapa!"

Kidoti alitafuta ndege juu ya dari. Akamtafuta chini ya kiti. Mwanga ulipomulika alifumba macho na kutoa ulimi, kisha akapenda mwanga wenyewe na kudai, "Tena!" Kila mara "tena", na kila mara macho yamefumbwa, au kichwa kimegeuka, au mikono iko usoni. Picha ya kumi na tano ilikuwa ya utepe tu.

Mpiga picha alijipangusa. "Usijali, Bibi. Siku hizi hakuna picha mbaya. Njoo uone." Alichomeka kamera kwenye kompyuta, akachagua picha moja iliyokuwa nzuri nusu, mdomo wazi kidogo. "Macho namfungua. Hivi. Hizi pembe nazishusha. Mdomo naufunga. Pua naipandisha hapa juu kidogo. Na hiki kidoa nakifuta."

"Si kidoa," alisema Bi Mkuu.

"Ni sawa, kimeshatoka. Umeona? Anatoka kama mtoto mwingine yeyote. Mtu akiingia sebuleni kwako hajui kitu."

Bi Mkuu aliinama mbele ya kioo cha kompyuta. Mtoto aliyemwona alikuwa mzuri. Gauni la njano, kola nyeupe, mdomo umefungwa, macho yamefunguka sawasawa. Angekaa kwenye ukuta ule kama aliyezaliwa nao. Hakuna mgeni ambaye angeuliza. Na tusimfichie: kwa muda wa pumzi mbili tatu alitaka kusema, chapa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Kidoti aliteremka kwenye kiti, akaja akachomeka kichwa chini ya kwapa la bibi yake. Alimtazama mtoto wa kwenye kompyuta, akainamisha shingo huku, akainamisha kule.

"Nani?" aliuliza.

Basi Kidoti akafanya kile alichokuwa anawafanyia watu wote asiowajua. Alinyoosha mkono kuelekea kioo, akamwambia yule mtoto, "Marahaba."

Bi Mkuu aliinua kichwa. Mjukuu wake alikuwa amesalimia mgeni.

"Rudisha," alisema.

"Bibi?"

"Rudisha kila kitu ulichotoa. Kidoti chake kwanza. Halafu futa hiyo yote, tunaanza upya."

"Lakini hatulii! Tutakesha."

"Tutakaa mpaka wewe ujifunze kazi," alisema Bi Mkuu kwa sauti ile ya ukumbi wa shule, na kijana akajikuta amegeuza kofia mbele bila kuambiwa.

Hapo ndipo kijana wa suti, aliyechoka kungoja, alipochungulia kwenye pazia. Alimwona Bi Mkuu ndani, akakumbuka adabu. "Shikamoo, Mwalimu."

Kabla Bi Mkuu hajafungua kinywa, Kidoti, aliyekuwa ameshapandishwa tena kitini, aliitikia. Mgongo ulinyooka. Kidevu kilipanda, macho yakalegea kidogo, mkono mmoja ukatua juu ya goti. "Marahaba."

Bi Mkuu alishika ukingo wa meza.

Aliujua mkao ule. Alikuwa akiupangusa vumbi kila Jumamosi kwa miaka. Alikuwa ameuona barazani kila jioni, marehemu kwenye kiti chake, mtoto mapajani, watu wakipita na kumwamkia mkuu wa posta mstaafu, yeye akiinua kidevu, na mtoto akiinua chake. Miaka minne mfululizo walikuwa wakiitikia pamoja, na yeye alikuwa jikoni akidhani mtoto anacheza tu. Neno lile hakulichukua kwake hata kidogo. Na halikuwa kosa la kurekebishwa, lilikuwa urithi.

"Umeona?" alimpigia kelele mpiga picha. "Umeuona huo uso? Huo ndio nautaka! Umepiga?"

"Sikuwa tayari!"

"Basi kuwa tayari! Na wewe, mwanangu, njoo hapa, simama nyuma ya kamera. Mwamkie tena."

"Nimwamkie nani?"

"Yeye."

Kijana aliangalia suti yake, akaangalia mtoto. "Shikamoo."

"Marahaba!" Mwanga ukapiga. Macho yamefumbwa.

"Mwingine!" aliamuru Bi Mkuu, akiwa amevuta pazia lote. Dereva wa lori alikuja anasugua viganja. Alipiga saluti. "Shikamoo, mkuu!" Kidoti aliitikia vizuri mno, lakini mpiga picha alikuwa anacheka na kamera ikacheza. Fundi wa kubandika fremu alitoka chumba cha nyuma na gundi vidoleni, akaamkia. Mtu aliyepita mlangoni kuulizia bei akakamatwa, akaamkia. Chumba kilikuwa kimejaa vicheko, taa zinachemka, Kidoti amekaa katikati kama afisa anayepokea wageni, anawaitikia wote bila upendeleo, na kila picha inaharibika kwa njia yake.

"Bado wewe, mama," dereva alimwambia mama wa miwani.

"Mimi? Nimwamkie mtoto sawa na mjukuu wangu? Mnaumwa?"

"Foleni haisogei mpaka picha yake ipatikane."

Mama wa miwani alitazama saa. Alisimama, akaja mpaka nyuma ya kamera, mkoba kwapani. "Haya. Shikamoo basi. Nina safari."

"Marahaba," alisema Kidoti kwa heshima kubwa.

Midomo ya yule mama ilitetemeka, akaibana, lakini ilikuwa imeshamponyoka. Alicheka. Kwa bahati mbaya Kidoti naye alicheka, mpaka akajificha nyuma ya kola.

"Amechoka na sisi," mpiga picha alisema akitazama kamera. "Ametuzoea wote. Amebaki mmoja tu ambaye hajamwamkia."

Wote wakamgeukia Bi Mkuu.

Neno lile halikuwa limepita mdomoni mwake, likiwa la kumwamkia mtu, kwa miaka tisa. Wa mwisho kuamkiwa naye alikuwa shangazi yake, hospitali, siku mbili kabla hajazikwa. Baada ya hapo wakubwa aliokuwa akiwaamkia waliisha, na yeye akawa wa kuamkiwa tu. Alikuwa amelifundisha neno hilo kwa maelfu ya watoto, lakini alikuwa amesahau mwili unafanya nini linapotamkwa.

Alikwenda nyuma ya kamera. Magoti yalikumbuka yenyewe, yakakunjika kidogo.

"Shikamoo," alisema.

Kidoti aliacha kucheka. Alimtazama bibi yake kwa muda mrefu, kama mtu aliyengoja barua na sasa ameiona kwa mbali. Akanyoosha mgongo. Kidevu kikapanda, polepole. Macho yakalegea. Mkono ukatua gotini.

"Marahaba, mwanangu," alisema, na neno la pili lilitoka zima kama la kwanza. "Hujambo?"

Hivyo ndivyo marehemu alivyokuwa akimalizia. Hakuna mtu aliyekuwa amemsikia Kidoti akifika hapo.

"Sijambo," Bi Mkuu alinong'ona, na mwanga ukapiga.

* * *

Zilichapwa mbili. Moja ndogo aliiacha kwenye duka lenye mlango wa kijani, juu ya kaunta, na mtu mwenye kalamu sikioni aliishika kwa ncha za vidole kana kwamba bado ni mbichi. "Nampelekea sasa hivi," alisema. Akamwita mwenzake ashike kaunta, akatoka mbio bila kuvua aproni.

Ile kubwa ilikuja nyumbani ndani ya fremu, Kidoti ameikumbatia njia nzima, hataki kusaidiwa.

Jioni mkwe aliingia, akavua viatu vyeupe, akainua macho pembeni mwa mlango. Pazia lilikuwa limekusanywa upande mmoja. Palikuwa na shimo dogo kwenye chokaa, na vumbi lake sakafuni. Alisimama hapo na mkoba begani.

"Umeung'oa, Mama," alisema taratibu.

"Nimeung'oa," Bi Mkuu alijibu kutoka kwenye kiti chake, nyundo bado mapajani. "Pale palikuwa na giza. Geuka."

Mkwe akageuka.

Katikati ya ukuta, bega kwa bega na mkuu wa posta, ulikuwepo msumari wa nane, umebeba fremu, umepinda kidogo kwa sababu umepigiliwa na mwalimu. Babu na mjukuu, kidevu juu, mkono gotini, macho ya wote wawili yamelegea kidogo, kila mmoja akimtazama anayeingia. Na shavuni kushoto, nukta ya kalamu.

Mkwe alisogea mpaka mbele ya picha. Kidoti, aliyekuwa amejibanza nyuma ya kiti cha bibi yake akingoja dakika hiyo tangu saa tisa, alimwona mtu amesimama kimya mbele ya picha yake. Akatoka na kuitikia kwa niaba ya picha.

"Marahaba, mwanangu!"

"Lakini mimi sijasema kitu!" mama yake alilalama, machozi na kicheko vikimtoka pamoja.

"Basi sema," alisema Bi Mkuu. "Mwenzio anangoja."